Mshale Usiovuka Katikati

Nyumbani, 4 Februari

Kaka, shikamoo.

Naamini wifi hajambo na mapacha wamemaliza kuota meno, maana barua iliyopita ulilalamika kwamba hulali, na mtu asiyelala hana kazi ya kujilaza chini ya basi la watu na spana mkononi. Huku tuko salama. Baba anakula vizuri na anabisha vizuri, ila macho sasa yamekuwa tabu kweli. Juzi asubuhi alilisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni, akasimama akisubiri liitikie. Tulicheka wote wawili.

Daktari anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na yanaweza kupasuliwa akaona tena. Tumepangiwa tarehe 14 Juni, hospitali kuu, kule juu mlimani. Daktari mwenyewe huja mara mbili tu kwa mwaka. Tukiikosa siku hiyo, Baba atakaa gizani mpaka Desemba. Nilipomtajia basi alisema hataki kupandishwa na makondakta kama gunia la vitunguu, atakwenda na gari lake au haendi.

Hapo ndipo pana maneno. Gari amenipa mimi. Hakuniazima, kanipa, na kadi imeshabadilishwa jina. Nimetaka uyasikie kwangu kabla shangazi hajakufikishia, na mdomo wa shangazi unaujua. Sasa nabebea sare ninazoshonea shule, na Baba hukaa kiti cha mbele ananifundisha kubadilisha gia ambayo nimekwishaibadilisha.

Geji ya joto ilikuwa imekufa. Nikaenda kwa wauza magari mabovu nyuma ya soko, nikapata geji kwenye pikapu iliyogongwa, ikaingia kwenye tundu utadhani ilizaliwa humo. Aliyenifungia ni Fundi Miwani, jirani mpya, kafungua gereji pale palipokuwa duka la mkaa. Shida ni kwamba mshale unapanda hadi katikati, basi, hauvuki. Wiki iliyopita kwenye kilima cha shule nilisikia harufu, nikasimama, nikafungua boneti. Rejeta inatokota kama sufuria ya maharage, na mshale uko katikati, umetulia, hauna habari.

Bahati nilikuwa na madumu mawili ya maji. Miwani aliniuliza kwa nini mtu abebe maji yote hayo, na kwa nini naitwa Sahau. Nikamweleza kwamba maswali hayo mawili jibu lake ni moja: nikiwa na miaka kumi na minne kazi yangu ilikuwa kutia maji kwenye rejeta kila asubuhi, siku moja sikutia, injini ya Baba ikaungua, na jina nikalipata siku hiyohiyo.

Wewe ndiye fundi umeme wa familia. Niandikie nipime nini, kwa mpangilio, nami nitafuata neno kwa neno. Ila kumbuka barua zako namsomea Baba kwa sauti, kwa hiyo usiandike la kuniaibisha.

Mdogo wako,
Sahau


Gereji ya Mabasi, 27 Februari

Mdogo wangu Sahau,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko salama. Wifi yako anawasalimu, mapacha wana meno manne kila mmoja na wanayafanyia mazoezi kwenye vidole vyangu. Kazini nimepewa usimamizi wa mafundi sita. Mwambie Baba, sijui kama atajali, lakini mwambie.

Hongera kwa gari. Nimesoma habari hiyo mara mbili nikidhani umeruka mstari. Nilijifunzia umeme kwenye gari lile. Nilikuwa namulika tochi Baba akibadilisha plagi, wewe ukiwa ndani unacheza na vifungo vya blauzi. Kila taa inayowaka humo niliiwasha mimi. Lakini aliyetoa ni mwenye mali, na mwenye mali haulizwi. Mimi hapa napanda gari la kazini pamoja na wafagiaji, nimebanwa dirishani, na sijambo.

Huyo Miwani simfahamu. Duka la mkaa likigeuka gereji linabaki na vumbi la mkaa. Sijapenda kusikia kwamba mtu asiyejulikana anainamia dashibodi ya Baba.

Sasa fuata hivi. Itoe geji uiweke mezani. Chomoa na sensa, ile iliyofungwa kwenye injini inayopima joto la maji. Iunge geji na sensa na betri kwa nyaya mpya kabisa, siyo za gari. Iweke sensa ndani ya sufuria ya maji jikoni, uyachemshe polepole huku ukiangalia mshale. Ukimaliza, kwangua kutu pale geji inaposhikana na bodi. Niandikie ulichoona. Nyaya za nyuma ya dashibodi usimruhusu mtu azifungue. Ni nyaya za zamani, zikiguswa zinakatika, na gari litalala palepale.

Mpe Baba shikamoo yangu. Mwambie mimi sijapungukiwa kitu.

Kaka yako


Nyumbani, 21 Machi

Kaka, shikamoo.

Baba ameipokea shikamoo na amefurahi sana kuhusu mafundi sita. Amewaambia jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na mtu wa kusoma mita ya maji. Mimi mwaka jana nilishona sare za shule nzima peke yangu, akasema vizuri, kisha akaomba chumvi. Nakuambia ili ujue kwamba huku nako kuna watu wanaobanwa dirishani.

Nilifanya ulivyosema. Nilikaa jikoni asubuhi nzima na geji juu ya kinu, betri sakafuni, sensa ndani ya sufuria ikiogelea kama yai. Baba alikaa kando yangu, kila dakika anauliza mshale uko wapi. Maji yalipopata uvuguvugu, mshale ukainuka. Yalipochemka, ukaenda mpaka mwisho kabisa, kwenye nyekundu. Nilirudia mara tatu. Nikakwangua kutu mpaka bodi ikang'aa. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikawasha gari, nikaliacha likinguruma, na mshale ukapanda mpaka katikati ukakaa palepale pake.

Miwani akasema, mezani inafanya kazi, garini haifanyi, basi ni waya, hata mama mkwe wangu angejua. Anasema kipimo cha kwanza wanachofundishwa wote ni kuchomoa waya kwenye sensa na kuugusisha kwenye bodi, mshale uruke mpaka mwisho, na anashangaa fundi wa mabasi amekiacha. Nimemkatalia. Nimemwambia kaka amesema nyaya zisiguswe, na gari hili analijua kuliko anavyoijua mikono yake. Baba ameniunga mkono. Miwani kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena.

Siku hizi Baba hushinda pale gereji kwake, wanasikiliza redio. Juzi kamwita "mwanangu." Sijui kwa nini nakuandikia hili. Labda kwa sababu hata mimi liliniuma.

Nisaidie, Kaka. Imebaki miezi mitatu kasoro, na mlima unaujua. Nisipouamini mshale huu sitajua injini inaungua mpaka iwe imekwishaungua, na nitakuwa nimembeba Baba.

Sahau


Gereji ya Mabasi, 30 Aprili

Sahau,

Natumaini Baba na wewe hamjambo. Hapa tuko hivyohivyo. Kazi imekuwa nyingi, ndiyo sababu ya kuchelewa.

Kama Baba amepata mwana mwingine mwenye gereji na redio, sijui mimi natafutiwa nini. Mwulizeni huyo. Mtu niliyemmulikia tochi miaka saba haniandikii hata neno moja kupitia mkono wako, halafu ananipatia ndugu dukani.

Kuhusu geji, naona hiyo ya pikapu ni mbovu tu. Kutoka gari lililogongwa utapata nini? Irudishe ulikoitoa. Au vumilia mpaka Desemba nikija likizo, nitaliangalia mwenyewe. Daktari si atakuwepo tena Desemba? Nyaya zisiguswe.

Gari lile lilikuwa liwe langu. Hili usimsomee.

Kaka yako


Gereji ya Mabasi, 29 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii isome peke yako. Kakae ndani ya gari ufunge vioo.

Jana nimemwona fundi wangu mmoja, kijana mwenye kipaji, akificha kosa. Alikuwa ameunguza mota, akaifunga ya gari jingine, akatumaini sitaona. Nikamgombeza mbele ya wenzake mpaka akalia. Nilipokwenda kunawa mikono nikaishia kukaa juu ya ndoo. Tangu hapo sijaweza kula.

Siku ile ulitia maji. Ulitia, sikiliza vizuri. Jioni ya kabla yake Baba alikuwa amelala, nikachukua gari bila ruhusa kwenda kujionyesha kwa rafiki zangu. Mpira wa maji ukachomoka njiani. Niliona mshale umefika nyekundu na niliendelea kuendesha, kwa sababu niliogopa akiamka asilikute. Niliufunga mpira, nikajaza maji, nikalirudisha taratibu. Gasketi, ile inayozuia maji yasivuje ndani ya injini, ilikuwa imekwisha kwenda. Asubuhi wewe ukatia maji yako kama kawaida, yakavuja yote kabla Baba hajafika kazini, na injini ikafa. Alipouliza ni nani anayetia maji, nilikuwa nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Nilisema, "Ni huyu."

Miezi mitano Baba alikwenda kazini kwa miguu, na wewe ukasimama uani kila asubuhi ukimwangalia anavyoondoka. Nami nilikuona.

Injini ilipotengenezwa mimi ndiye niliyerudisha umeme. Sensa ya gari ilikuwa imeharibika, nikatafuta nyingine kwenye pikapu. Haikupatana na geji ya zamani, mshale ukawa unaruka juu kuliko ukweli. Kwa kuogopa maswali nikachukua kidude cha redio, rezista, kinachopunguza umeme kwenye waya, nikakiunga katikati ya waya wa geji, nikakizungushia utepe mweusi. Mshale ukatulia, Baba akanisifu mbele ya watu wote. Bado kimo humo. Wewe umeokota geji ya aina ileile ya pikapu niliyotoa sensa. Zinapatana sawasawa. Ni hicho kidude tu kinachouzuia mshale usivuke katikati.

Nilijua toka barua yako ya kwanza, nilipoona neno pikapu. Nilikupa vipimo vyote isipokuwa kile kimoja ambacho kingekionyesha. Niliandika habari ya sufuria nikidhani hutaweza, kisha ukafanya mara tatu bila kosa, na badala ya kufurahi nilichukia.

Nitakuambia na lililo baya kuliko hilo. Haikuwa aibu peke yake. Ni wivu, Sahau. Nilitaka ukwame. Nilitaka Baba aseme, gari hili limemshinda, mwiteni kaka yake. Nililala nikiwaza hivyo wiki nzima na nilijisikia vizuri. Nimemwonea wivu hata Miwani, mtu wa watu, kwa kukaa na baba yangu na kusikiliza redio.

Ingiza mkono nyuma ya kabati dogo lililo mbele ya abiria. Kuna waya wa kijani, fuata mpaka uguse uvimbe wa ukubwa wa kiungo cha kidole. Mwambie Miwani akate huku na huku, aunge waya kwa waya. Kazi ya dakika kumi. Nimeomba nafasi nije kabla ya tarehe 14, nimenyimwa.

Usimpandishe Baba mlima ule kabla hujafanya hivyo.

Kaka yako


Nyumbani, 27 Juni

Kaka, shikamoo.

Salamu kwa wifi na mapacha. Baba anaona. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo utakalolitafuta. Bandeji zilitolewa siku ya pili. Aliniangalia kwa muda mrefu, akasema nimezeeka, akaomba kioo, na alipojiona akaacha kunitania.

Barua yako ilifika tarehe 11. Niliisoma ndani ya gari, vioo vimefungwa, kama ulivyosema. Niliimaliza nikairudia. Kisha nilishuka nikafungua boneti nikasimama hapo bila kufanya kitu. Kaka, miaka kumi na minane mimi nafungua rejeta mara mbili kila asubuhi. Mara ya kwanza natia maji, mara ya pili nahakikisha kwamba nilitia. Mlango nafunga narudi. Pasi nazima narudi. Nimekataa kazi ya kuweka funguo za ghala la shule kwa sababu nilijua mtu kama mimi hapewi funguo. Niliamini hivyo. Nilikuwa na kumbukumbu yangu ya asubuhi ile, naliona lile kopo la maji mkononi, na nikajifunza kutoiamini. Usiniite tena jina lile. Watu wengine na waniite hivyo, wewe hapana.

Nilimwita Miwani. Alikikuta kidude palepale, akakigeuzageuza kiganjani, akasema aliyekifunga alikuwa na mkono mzuri sana. Hakuuliza zaidi, na mimi sikusema. Alikata, akaunga, akachomoa waya kwenye sensa akaugusisha kwenye bodi, na mshale ukaruka mpaka mwisho.

Tarehe 14 tulipanda mlima. Kona ya tatu mshale ukaanza kwenda, taratibu, ukapita katikati, ukaigusa nyekundu. Nikasimama. Hakukuwa na harufu wala moshi, bila geji ningeendelea. Tulikaa kando ya barabara mpaka injini ikapoa, nikaongeza maji, tukafika saa tatu kasoro kumi. Baba aliuliza tumesimama kwa nini, nikamwambia geji imeonya. Akauliza imepona lini. Nikasema Kaka ametuma neno kwa dereva wa basi, barua iko njiani, ameutambua ugonjwa kutoka huko aliko.

Ungemwona. Aliweka mkono juu ya dashibodi kama anaibariki. Akasema, "Yule mtoto yuko mbali hivyo na bado ndiye anayetuendesha." Aliyasema tena hospitali, kwa nesi, kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, kwa daktari mwenyewe akiwa ameshika sindano. Na mimi niliyeendesha nimesimama pale, nimebeba begi la nguo zake.

Sijawahi kumwonea mtu wivu kama nilivyokuonea wewe saa ile. Barua ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Mdomo ulishafunguka. Nilitaka kumwambia, na sitakudanganya kwamba ni kwa ajili ya haki, nilitaka tu aache kukusifu. Kilichonifunga ni kwamba walikuwa wanamwingiza chumba cha upasuaji na alikuwa amenishika mkono. Wakampeleka, nikakaa kwenye benchi na ukweli wako mapajani.

Baada ya hapo nimekuwa na siku nyingi za kusema, na sijasema. Nilidhani nakuhurumia. Siyo. Nikimwambia mimi, nitakuwa nimekufanyia ulichonifanyia, kusimama mlangoni nikasema ni huyu. Na Baba akiyasikia kwangu, atabaki na swali kwa nini hukumwambia wewe, na hilo ni lako kulijibu.

Wiki iliyopita aliomba barua zako. Amesema amechoka kukusikia kwa sauti yangu, anataka kuuona mwandiko wako. Nimempa ya Februari na ya Aprili, hata mstari ule uliokataza, akausoma. Alikunja karatasi, akaniuliza kama najua kwa nini gari alinipa mimi. Nikasema sijui. Akasema aliniona asubuhi ile nikiwa uani, na amekuwa akitafuta namna ya kuniomba radhi kwa kunifokea vile, mtoto wa miaka kumi na minne, kwa kosa la maji tu. Amenipa gari kunisamehe kosa nisilolifanya, Kaka. Kunisamehe.

Kisha akauliza iko wapi barua ya geji. Nimemwambia haijafika.

Iko humu ndani, nimeikunja ilivyokuwa, sijafuta neno. Pamoja nayo kuna bahasha tupu. Jina la Baba nimeliandika mwenyewe na stempu nimebandika. Kila mchana anatoka na miwani yake mipya kumsubiri mtu wa posta getini, na anasoma kila bahasha kabla ya kunipa.

Mdogo wako